Riwaya nayo ni ushahidi: Tumpime msimulizi kabla ya kumkataa

Mwaka jana, mwezi wa tatu, nilikuwa nafundisha somo la Elimu ya Dini ya Kiislamu kidato cha tatu hapa Nkololo, wilayani Bariadi. Mada ya siku ile ilikuwa upokezi wa hadithi: mpokezi ni nani, masharti yake ni yapi, na kwa nini wanazuoni wetu walisafiri masafa marefu kumfuata mtu mmoja ili wahakiki neno moja. Katikati ya somo nikamwona binti mmoja ameinama, kitabu kiko chini ya dawati, anasoma. Nikamwambia akilete mbele. Kilikuwa kitabu kilichochakaa, jalada limeungwaungwa kwa gundi: Utengano, riwaya ya Said Ahmed Mohamed.

Nikakiinua ili darasa zima likione. Nikasema, "Haya ni mambo ya kutunga. Mtu mzima anakaa chini anabuni uongo, na nyinyi mnaacha elimu mnaufuata uongo wake." Darasa likacheka. Binti yule hakucheka. Akasema kwa sauti ndogo, "Ustadh, lakini huyu Maimuna mimi namjua. Dada yangu ni kama yeye."

Nikamwambia akae. Kitabu nikakitia kwenye droo ya meza yangu, na neno lake nikalitia humohumo.

Ilikuwa likizo ya Juni nilipokuwa nasafisha droo, nikakikuta. Nikakichukua nyumbani, zaidi kwa kutaka kujua nilimnyang'anya nini. Nilikisoma usiku mmoja na sehemu ya usiku wa pili. Ndani yake yumo Bwana Maksuudi, mtu mwenye mali na jina, ambaye nyumbani kwake amemfungia bintiye Maimuna, hamjui mtu wala haijui dunia. Siku Maimuna alipopata upenyo alitoroka. Na kwa kuwa hakufundishwa lolote kuhusu dunia aliyokimbilia, dunia ilimpokea kwa ulevi na kuuza mwili. Huku nyuma msomaji anafunuliwa kwamba baba aliyekuwa akilinda heshima ya nyumba kwa kufuli, yeye mwenyewe ndiye aliyewadhulumu wanawake.

Kesho yake nikaenda nyumbani kwa binti yule. Baba yake ni mfanyabiashara, ana duka na wakati wa msimu hununua pamba. Ni mtu wa swala, mkarimu. Alinikaribisha chai, tukaongea habari za mvua na bei. Nikauliza kwa adabu kuhusu binti mkubwa, yule aliyemaliza darasa la saba kisha hakuonekana tena nje. Akanijibu, "Alhamdulillahi, Ustadh, tumeshamwoza. Mwezi wa nne. Yuko Maswa." Mama alikuwa amekaa mkekani, akainamisha kichwa. Nikauliza kama binti aliridhia. Mzee akacheka kidogo, akasema, "Mtoto wa miaka 16 unamuuliza nini?"

Ndugu msomaji, sidai kwamba kama ningekwenda mwezi wa tatu ningebadili kitu. Sijui. Ninachojua ni kwamba nililetewa ushahidi darasani, siku ileile niliyokuwa nafundisha namna ya kupokea ushahidi, nami nikaufungia kwenye droo bila kuusikiliza. Tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza swali ambalo ndilo lililonifanya niandike makala haya: je, hadithi ya kubuni ni uongo, au ni ushahidi? Na kama ni ushahidi, umewahi kubadili nini duniani?

Neno lenyewe linatufundisha

Tuanze na neno. "Riwaya" tumelichukua kutoka Kiarabu, na katika elimu ya hadithi neno hilohilo lina maana ya kupokea na kusimulia habari. Anayesimulia ni rawi, mpokezi. Wanazuoni hawakumkubali mpokezi yeyote tu, wala hawakuwakataa wote. Walimpima kwa mambo mawili makubwa. La kwanza ni uadilifu wake: ni mkweli, hana chuki inayompotosha, hapendelei? La pili ni dhabt, yaani umakini wa kuhifadhi: alilolisema alilijua sawasawa, au alilisikia kwa mbali akalijaza mwenyewe?

Sisemi kwamba riwaya ya Kiswahili ni sawa na hadithi ya Mtume (SAW). La hasha! Huyu anasimulia lililotokea, na yule anabuni watu ambao hawakuwahi kuzaliwa. Ninachosema ni kwamba mizani ile ni mizani nzuri, na tunaweza kuiazima.

Kuna wanaosema: kubuni ni kusema uongo, basi hapana haja ya mizani. Hoja hii si ngeni. Al-Hariri wa Basra, aliyefariki mwaka 1122, alitunga Maqamat, visa vya mzururaji mjanja aitwaye Abu Zayd, na katika utangulizi wake ilimbidi ajitetee dhidi ya wenye hoja hiyo. Alikumbusha kwamba visa vya wanyama wanaosema vilikuwa vikisimuliwa na hakuna aliyewalaumu wasimulizi wake. Kabla yake, katika karne ya nane, Ibn al-Muqaffa alikuwa amekwisha kuwapa Waarabu Kalila wa Dimna, kitabu ambamo mbweha na simba wanafundisha wafalme siasa. Hakuna msomaji aliyedanganyika akadhani simba alisema kweli. Mwongo ni yule anayetaka uamini kwamba jambo lilitokea wakati halikutokea. Mtunzi na msomaji wamekwishaelewana tangu ukurasa wa kwanza. Maimuna hakuzaliwa, lakini kufuli ya mlangoni kwake ipo, na mwanafunzi wangu aliitambua.

Riwaya zilizotikisa nchi

Je, visa hivi vimewahi kubadili jamii, au ni kioo tu cha kujitazamia? Tutazame mifano miwili ya mbali kabla ya kurudi nyumbani.

Marekani, mwaka 1850, ilipitishwa sheria iliyowalazimisha hata watu wa majimbo yasiyo na utumwa kusaidia kuwarudisha watumwa waliotoroka. Magazeti yaliandika, wahubiri walihubiri, na watumwa waliojikomboa, kama Frederick Douglass katika kitabu chake cha mwaka 1845, walikuwa wamekwisha kusimulia maisha yao wenyewe. Mwaka 1852 mwanamke aitwaye Harriet Beecher Stowe akatoa riwaya, Uncle Tom's Cabin. Katika mwaka wa kwanza ziliuzwa nakala zipatazo 300,000 nchini humo. Watu ambao hawakujali hoja za katiba walimlilia mama anayekimbia na mwanawe asiuzwe. Vita ilianza mwaka 1861, na mwaka 1865 utumwa ukafutwa kisheria. Riwaya haikupigana vita ile, lakini iliwafanya watu wengi wamwone mtumwa kuwa ni mama na ni baba.

Hata hivyo, tumpime msimulizi. Nia yake ilikuwa njema, uadilifu tunampa. Dhabt yake ilikuwa na upungufu: hakuwa mtumwa, na mengi aliyajua kwa kusikia na kusoma. Ndiyo maana Tom wake, mpole anayevumilia kila kitu, baadaye jina lake likageuka kuwa tusi miongoni mwa Wamarekani weusi wenyewe. Kitabu kimoja kilisaidia kufungua minyororo, na kikaacha picha ambayo wajukuu wa waliofunguliwa waliikataa.

Mfano wa pili unatoka Java, nchi ya Waislamu iliyokuwa chini ya Wadachi. Wakulima walilazimishwa kulima kahawa na mazao mengine kwa faida ya serikali ya Uholanzi. Ofisa mmoja wa serikali hiyo, Eduard Douwes Dekker, alifanya kazi wilaya ya Lebak mwaka 1856, akaona, akalalamika kwa wakubwa wake, hakusikilizwa, akajiuzulu. Mwaka 1860 akatoa riwaya Max Havelaar kwa jina la Multatuli. Ndani yake mna kisa cha kijana Saijah, ambaye familia yake inanyang'anywa nyati wao wa kulimia, mmoja baada ya mwingine. Mkulima wa hapa Nkololo, anayelima pamba kwa plau ya ng'ombe, hahitaji kuelezwa maana ya kisa hicho. Wadachi waliokuwa wakinywa kahawa bila kuuliza inatoka wapi walianza kuuliza, na kuanzia sheria ya mwaka 1870 kilimo kile cha lazima kikaanza kuondolewa. Hapa shahidi alikuwa na dhabt: aliyaona. Na uadilifu wake ulikuwa wa aina ngumu zaidi, kwa sababu alitoa ushahidi dhidi ya watu wake mwenyewe.

Ushahidi kutoka ziwani

Sasa turudi kwetu, na tusiende mbali. Magharibi yetu kuna Ziwa, na ndani yake kisiwa cha Ukerewe. Kisiwa kile kimetoa mashahidi wawili ambao sisi wa Kanda ya Ziwa tungepaswa kuwajua.

Wa kwanza ni Aniceti Kitereza. Alimaliza kuandika kwa Kikerewe, mwaka 1945, kisa kirefu cha Bwana Myombekere na mkewe Bugonoka. Hawajapata mtoto, ndugu wa mume wanamtukana mke, wazazi wa mke wanamchukua binti yao. Myombekere hafuati ushauri wa ndugu wa kuoa mwingine. Anakwenda ukweni kumfuata mkewe kwa unyenyekevu na gharama. Kitabu kilikosa mchapishaji kwa miaka mingi, mwandishi akakigeuza mwenyewe kwa Kiswahili, na Tanzania Publishing House ikakitoa mwaka 1980. Kitereza akafariki mwaka uliofuata. Wangapi hapa kwetu, Waislamu na wasio Waislamu, wamemrudisha mke kwao kwa kosa la kutozaa, kana kwamba Mwenyezi Mungu hakusema wazi kuwa ndiye anayempa amtakaye na kumnyima amtakaye? Mkatekista mmoja wa Ukerewe alitoa ushahidi kwamba hata zamani, kabla ya haki za binadamu kuwa na semina, mume mwema alijulikana.

Wa pili ni Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Namagondo, Ukerewe. Mwaka 1971 alitoa Rosa Mistika. Rosa ni binti wa baba mlevi na mkali, aliyekuzwa kwa kipigo na vitisho, na alipofika masomoni, mbali na macho ya baba, akaangukia mikononi mwa wakubwa waliopaswa kumlinda. Mwisho wake ni kujiua. Kitabu kilipata wasomaji wengi, na mwanzoni kilipigwa marufuku kutumika madarasani. Kisha nyakati zikageuka, kikawa kitabu cha kiada katika shule za sekondari, Tanzania na Kenya.

Mwaka huohuo wa 1971 Bunge letu lilipitisha Sheria ya Ndoa, iliyomruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilivitangaza vifungu hivyo kuwa ni kinyume cha Katiba, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa ya Serikali. Mwaka 2021 Wizara ya Elimu ikatoa waraka unaomruhusu mwanafunzi aliyejifungua kurudi shule. Najua wasomaji wa ukurasa huu wana maoni tofauti juu ya umri wa ndoa, na leo sitaingia huko. Wala sisemi kwamba Kezilahabi ndiye aliyewaandikia majaji hukumu yao. Ninasema hivi: kwa miaka mingi vijana wa nchi hii walisoma darasani kisa cha binti aliyeharibikiwa, na wakalazimika kujibu swali la mtihani: nani wa kulaumiwa? Kabla ya Rosa, jibu la mtaani lilikuwa moja, binti. Baada ya Rosa, baba na mwalimu nao wakaitwa kizimbani. Wale waliojibu swali lile wakiwa kidato cha nne ndio waliokuja kuwa walimu, wabunge na mahakimu.

Nadhani hivyo ndivyo riwaya inavyobadili jamii. Haitoi amri wala haipigi kura. Inabadilisha nani anaulizwa.

Shahidi mwenye upande mmoja

Nisije nikaonekana nimekuwa wakili wa kila mwenye kalamu. Riwaya inaweza pia kudhulumu, na sisi Waislamu wa Afrika Mashariki tuna mfano wake.

Mwaka 1934 ilichapishwa Uhuru wa Watumwa ya James Mbotela wa Kenya, mtoto wa ukoo wa watumwa waliokombolewa na kuwekwa Freretown, Mombasa. Wahakiki wengi wanaihesabu kuwa miongoni mwa misingi ya riwaya ya Kiswahili. Picha yake ni nyepesi: Mwarabu ni mkamataji, Mwafrika ni mkamatwaji, Mwingereza ni mkombozi.

Tuwe waadilifu. Je, utumwa ulikuwepo? Ulikuwepo. Soko la Zanzibar lilikuwepo hadi lilipofungwa mwaka 1873, na miongoni mwa wenye watumwa walikuwamo watu waliokuwa wakiswali safu moja na wale wanaowamiliki. Muislamu anayekanusha hili kwa kulinda jina anafanya kama Bwana Maksuudi, anafunga mlango ili majirani wasione. Familia ya Mbotela iliumia, na mwenye jeraha ana haki ya kusema linapouma.

Lakini ushahidi ule haukukamilika. Waingereza waliitwaa Zanzibar mwaka 1890, na utumwa ukabaki kuwa halali chini ya bendera yao mpaka mwaka 1897. Mkombozi huyo aliyeukalia utumwa kwa miaka saba hayumo katika picha. Na picha hiyo ilijenga vichwani mwa watu mlingano kwamba Uislamu ni utumwa na ukoloni ni uhuru, mlingano ambao mpaka leo mwanafunzi wangu wa Nkololo huutoa bila kujua aliupata wapi.

Sasa tulifanya nini? Wengi wetu tulinung'unika. Tulilalamikia kitabu kwenye baraza, tukaandika barua, tukasema wanatuchafua. Kunung'unika si kujibu. Aliyejibu, miaka 60 baadaye, ni mtoto wa Zanzibar aliyekwenda Uingereza baada ya mapinduzi ya 1964, Abdulrazak Gurnah. Mwaka 1994 alitoa riwaya Paradise, na tangu 2022 tunayo kwa Kiswahili, Peponi, kwa tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Humo yumo kijana Yusuf, ambaye baba yake amemweka rehani kwa tajiri Aziz kwa sababu ya deni, naye anadhani tajiri yule ni mjomba wake. Anayeijua Surat Yusuf atazisikia nyayo zake katika kila sura. Gurnah hakumficha mfanyabiashara Muislamu anayemiliki mtoto wa mwenzake. Hakumgeuza Mjerumani kuwa malaika pia. Mwaka 2021 alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya fasihi. Jibu la shahidi wa upande mmoja ni kumleta shahidi mwingine aliye kamili zaidi, wala si kumziba mdomo wa kwanza.

Katika Surat An-Nisaa, aya ya 135, Mwenyezi Mungu anatuamrisha tusimamishe uadilifu na tutoe ushahidi kwa ajili Yake, hata kama ushahidi huo ni dhidi ya nafsi zetu, wazazi wetu na jamaa zetu. Nimeifundisha aya hii mara nyingi nikimfikiria mtu aliyesimama mahakamani. Siku hizi namfikiria pia Said Ahmed Mohamed, Mzanzibari aliyeandika habari za nyumba zilizofanana na nyumba alimokulia. Namfikiria Kezilahabi akiandika kuhusu kijiji chake na shule za aina aliyosoma. Riwaya zilizotuingia ndani ni zile ambazo mwandishi wake alianza na nyumba yake.

Basi nini cha kufanya? Kwanza, sisi walimu wa dini tuache kuzikataa riwaya kwa jumla. Zipo chafu, zinazouza maasi kwa bei ya soda, na hizo tuseme wazi kuwa ni chafu. Lakini tuzipime moja moja, kwa uadilifu na kwa dhabt, na tuwafundishe watoto kupima. Mtoto aliyefundishwa mizani haogopewi na kitabu.

Pili, tuandike. Mkoa wa Simiyu ulizaliwa mwaka 2012, na kabla yake tulikuwa Shinyanga, lakini binti anayekaa ndani Nkololo akisubiri mume asiyemjua, bado namtafuta katika riwaya na sijamwona. Yule mwanafunzi wangu alilazimika kuvuka nchi nzima mpaka Zanzibar kumtafuta dada yake kitabuni.

Kitabu chake nilimrudishia shule ilipofunguliwa Julai. Nilimwomba radhi mbele ya darasa, kwa sababu nilimkosea mbele ya darasa. Nikamuuliza habari za dada yake, akasema hajamwona tangu aolewe. Sasa yuko kidato cha nne. Nimempa daftari la kurasa 200 nikamwambia aandike anachokijua, abadilishe majina, asimwonee baba yake wala asimfiche. Ameniuliza kama nitalisoma.

Nimemwambia kwamba safari hii halitakaa kwenye droo.

Wabillahi tawfiq.